Kutoka Maratoni Hadi Ultra: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakimbiaji wa Uganda

Kila mwaka, Kampala Marathon ya Novemba ikipita, maswali haya huanza kumiminika. Anayeuliza mara nyingi ni mtu mwenye kazi na familia. Anakimbia alfajiri kabla ya foleni za magari, ameshamaliza kilomita 42, na sasa anataka kwenda mbali zaidi. Tumejibu tukimfikiria yeye. Bingwa mwenye kocha wake hatuna cha kumfundisha hapa.

Ultra ni kilomita ngapi?

Mbio yoyote inayozidi kilomita 42.195 ni ultra. Umbali uliozoeleka ni kilomita 50, 80, 100 na 160; hizo za 80 na 160 zimetokana na maili 50 na maili 100. Kuna pia mbio zinazopimwa kwa saa: unapewa saa 6, 12 au 24, na mshindi ni aliyekwenda mbali zaidi ndani ya muda huo. Halafu kuna mtindo wa mzunguko, ambapo wote mnakimbia kilomita 6.706 kila saa. Saa ikigonga na hujafika kwenye mstari, umetoka. Mnaendelea hivyo hadi abaki mtu mmoja. Ukimaliza mizunguko 24 umefikisha takriban kilomita 161.

Nimemaliza maratoni moja tu. Niko tayari?

Muda uliomaliza nao hautuambii mengi. Tunataka kujua ulimalizaje. Kama kilomita 10 za mwisho ulizikokota huku misuli imekaza na tumbo limegoma, kimbia maratoni nyingine kwanza, na uikimbie taratibu. Kama ulifika ukiwa mchovu lakini unaongea vizuri, na baada ya siku tatu unashuka ngazi bila kushika ukuta, unaweza kuanza kujiandaa kwa kilomita 50.

Jambo jingine: je, mwaka mzima uliopita ulikimbia bila jeraha la kukulaza wiki kadhaa? Mwili usiobeba mazoezi ya maratoni hautabeba ya ultra. Afadhali usubiri miezi sita kuliko kukimbilia kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa nini nianze na 50? Rafiki yangu anataka twende 100 moja kwa moja.

Kwa sababu 50 inakufundisha karibu kila kitu cha ultra, na ukiharibu, bado utalala kitandani kwako usiku huohuo. Kwenye 100 kosa dogo la kilomita ya 30, kama kokoto kiatuni au saa nzima bila kula, utalibeba kwa saa 10 zaidi. Rafiki yako mwache aende. Wewe anza na 50.

Uganda ina mabingwa wa dunia. Mbona hatuwaoni kwenye ultra?

Kwa sababu riziki iko kwingine. Stephen Kiprotich alichukua dhahabu ya maratoni kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia mjini Moscow. Victor Kiplangat akashinda maratoni ya dunia Budapest mwaka 2023. Joshua Cheptegei amevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Kijana wa Kapchorwa mwenye kipaji akiwatazama hao, anajua fedha ziko uwanjani na barabarani. Hatumlaumu.

Kwa hiyo ultra hapa kwetu inakuzwa na watu wa kawaida: walimu, wanajeshi, wafanyabiashara, wauguzi. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema. Mchezo huu unampa nafasi mtu wa miaka 45 ambaye hakuwahi kuwa na mbio kali, lakini ana subira na anajua kujitunza.

Nitashindana wapi?

Kalenda ya hapa nyumbani imejengwa zaidi juu ya maratoni na nusu maratoni. Zitumie kama mazoezi. Rwenzori Marathon ya Kasese, iliyoanza mwaka 2022, ni nzuri sana kwa kusudi hilo kwa sababu ina milima na joto kwa pamoja. Ikimbie taratibu huku umebeba chakula chako, na utakuwa umejifunza kitu.

Wanaotaka ultra yenye umati husafiri kwenda Afrika Kusini. Two Oceans ya Cape Town ni kilomita 56. Comrades, iliyoanza mwaka 1921, huenda kati ya Durban na Pietermaritzburg, kilomita zisizopungua 85 hivi, na inabadilisha upande: kwa kawaida mwaka mmoja kupanda, mwaka mwingine kushuka. Ili ukubaliwe lazima uwe umemaliza maratoni ndani ya muda wanaoutaka, kwa hiyo tunza cheti cha matokeo yako. Saa 12 zikiisha tangu mlio wa kuanzia, mstari unafungwa hata kama umebakiza hatua tatu.

Na msidharau kujiandalia wenyewe. Mkiwa watu sita, na eneo salama lenye mzunguko wa kilomita sita na ushee, na mtu mmoja wa kukaa na maji, chakula na saa, hiyo tayari ni ultra ya mzunguko.

Mwendo wangu uwe gani?

Polepole kuliko unavyofikiri. Tazama hesabu hii. Kiprotich kule London alikimbia saa 2:08:01, yaani kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 2 hivi. Tete Dijana wa Afrika Kusini alipoweka rekodi ya Comrades ya kushuka mwaka 2023, saa 5:13:58, alikuwa anatumia takriban dakika 3 na sekunde 35 kwa kilomita. Huyo ni bingwa, njia inashuka, na bado ni zaidi ya nusu dakika kwa kila kilomita juu ya mwendo wa maratoni. Sasa wewe wa saa 4 unataka kuanza ultra kwa dakika 5 na sekunde 40?

Mkimbiaji wa maratoni ya saa 4 akipanga kilomita 50 za barabara isiyo na milima mikubwa kwa saa 5 na nusu hadi 6, amepanga kwa busara. Njia ikiwa ya milima na tope, saa 8 si aibu. Kipimo chetu ni mazungumzo: saa tatu za kwanza unapaswa kuweza kusimulia habari ndefu bila kukatisha sentensi. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, punguza.

Mnasema nitembee. Si nimekuja kukimbia?

Hapa ndipo wakimbiaji wa maratoni wanapopata shida kuliko popote, kwa sababu tumelelewa kuona kutembea ni kushindwa. Kwenye ultra kutembea ni ufundi, na unafanyiwa mazoezi kama ufundi mwingine wowote.

Simama chini ya mlima mkali, tuseme ile miinuko ya murram, barabara za udongo mwekundu wa changarawe, inayozunguka Ziwa Bunyonyi, uwatazame watu wawili. Mmoja anapanda kwa hatua fupi za kukimbia, kifua kinapanda na kushuka. Mwenzake anatembea kwa nguvu, mikono imesukuma mapaja, mgongo umeinama kidogo mbele. Wakifika juu wanapishana kwa hatua chache tu. Wa kwanza anashika kiuno na kutafuta pumzi. Wa pili tayari anatafuna na ameanza kukimbia. Rudia hilo mara kumi na tano kwa siku moja na utajua nani atafika jioni.

Kwa hiyo fanya hivi: mara moja kwa wiki tafuta mlima, utembee kupanda kwa kasi kwa dakika 30 hadi 45 bila kusimama. Wa Kampala hawana kisingizio. Muyenga, Kololo, Naguru, Mutungo, Makindye, zote zipo. Na siku ya mbio usisubiri uchoke ndipo utembee. Tembea kila mlima mkali kuanzia wa kwanza kabisa, ungali na nguvu, hata kama watu wanakupita. Kwenye barabara tambarare wengi wetu tunatumia dakika 25 za kukimbia na 5 za kutembea, na hizo 5 ndizo za kula.

Wiki ya mazoezi inakuwaje?

Haitofautiani sana na ya maratoni, isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Badala ya mbio moja ndefu, unaunganisha mbili: kilomita 30 Jumamosi, kilomita 15 hadi 20 Jumapili. Hiyo ya Jumapili ndiyo shule. Miguu ni mizito tangu unatoka mlangoni, na unajifunza kusogea hivyohivyo bila kujiumiza kama ambaye angekimbia kilomita 45 kwa mkupuo.

Katikati ya wiki, mbio fupi mbili au tatu za raha na ule mlima wa kutembea. Spidi mara moja inatosha. Kwa kilomita 50, wiki nzito kabisa ikifika kati ya kilomita 60 na 80 umefanya vya kutosha. Panga miezi minne. Kila wiki ya nne punguza mzigo kwa theluthi moja, na wiki mbili au tatu kabla ya mbio uanze kupunguza kabisa.

Usisahau kushuka. Kupanda kunachosha pumzi, ila kinachovunja mapaja ni kushuka, kwa sababu msuli unabeba uzito huku unavutwa. Barabara ya lami inayopanda hadi Sipi na Kapchorwa ni uwanja wa ajabu kwa zoezi hili: panda kwa kutembea, shuka kwa hatua fupi na nyepesi bila kufunga breki kwa visigino. Anza na kilomita 3 za kushuka. Zitauma siku mbili, kisha mwili utazoea.

Nile nini njiani?

Ultra ni mashindano ya kula. Mwili huhifadhi wanga wa kutosha saa mbili hadi tatu hivi za kukimbia, na mkimbiaji wa maratoni anaweza kuponea humo na pakiti tatu nne za jeli ya wanga. Ukiwa njiani saa saba, hesabu hiyo imekufa. Lengo la kawaida ni gramu 60 za wanga kwa saa, na waliozoesha matumbo yao hufika 90.

Gramu 60 ni nini? Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 27. Chupa ya soda ya mililita 300 ina kama 32. Ukila hiyo ndizi na kunywa hiyo soda ndani ya saa moja, umefika. Viazi vilivyochemshwa, vitamu au mviringo, vina takriban gramu 20 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo usidanganywe kwamba bila jeli za kuagiza kutoka ng'ambo huwezi.

Viazi mviringo ndiyo chakula ninachokipenda kuliko vyote. Chagua vile vidogo vya ukubwa wa yai la kuku. Chemsha na maganda usiku, menya vingali vya moto, nyunyiza chumvi ikiwa bado vina unyevu ili ishike, kisha viache vipoe kabisa kabla ya kuviweka kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Ukivifunga vya moto vitatoa maji na kuharibika kabla ya saa nne asubuhi. Kimoja kila dakika 20, unatafuna huku unatembea. Baada ya saa tano za vitu vitamu, ile chumvi mdomoni ni faraja kubwa.

Gonja, ndizi ile kubwa ya kuchoma, ni nzuri pia, na wanaofanya mazoezi barabara ya Jinja wanajua Namawojjolo. Bushera, uji wa nafaka, ikiwa tamu na isiyochachuka, ni chakula na kinywaji kwa pamoja. Iliyochachuka iache hadi umalize. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, tunashauri uile baada ya mbio, kwa sababu mafuta mengi yanakaa tumboni wakati damu imekwenda miguuni. Karanga kidogo si mbaya kwa mbio za polepole. Katogo ya matumbo asubuhi ya mbio, hapana.

Kanuni mbili. Anza kula dakika ya 30, hata kama huna njaa, maana njaa ikija umeshachelewa. Na kila utakachokula siku ya mbio, kiwe umeshakila mara nyingi ukiwa unakimbia. Tumbo linafundishika kama miguu.

Likigoma ukahisi kutapika, punguza mwendo, tembea dakika 15, kunywa maji kidogokidogo, kisha jaribu soda iliyotolewa gesi. Mara nyingi tumbo linakataa mwendo, chakula hakina kosa.

Maji ninywe kiasi gani?

Kunywa kwa kiu. Watu wengi wanaogopa kukaukiwa, na ni kweli Kasese saa saba mchana si mahali pa kukosa maji. Lakini kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi ni hatari pia: sodiamu kwenye damu inashuka, na hali hiyo inaweza kuua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba hadi pete inabana, na kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo usimwongezee maji. Mpeleke kwa daktari haraka.

Kwa chumvi huhitaji kitu cha bei kubwa. Pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) ya duka la dawa inachanganywa na lita 1 ya maji safi. Huna pakiti? Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita 1. Vipime kwa uangalifu, usikadirie kwa macho.

Naweza kumeza dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofen njiani?

Usimeze. Dawa hizo zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zako siku hiyo tayari zinahangaika na upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyochanika. Kwamba zinauzwa kila duka la dawa bila kuulizwa haimaanishi ni salama kwa kazi hii. Na ukiona mkojo una rangi ya soda nyeusi, wakati wa mbio au kesho yake, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri uone kama utasafika.

Miguu yangu inatoka malengelenge. Nifanyeje?

Malengelenge yanatengenezwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Kwa hiyo unashughulikia hivyo vitatu. Kiatu kiwe kikubwa kwa nusu saizi au saizi nzima, kwa sababu mguu unavimba baada ya saa kadhaa. Soksi za pamba ziache nyumbani. Vaselini katikati ya vidole, kwenye mapaja, kwapani. Wanaume na chuchu pia.

Kubwa kuliko yote: ukihisi sehemu inawaka moto, simama hapohapo. Murram yetu ina changarawe ndogo nyekundu zinazoingia kiatuni bila kelele. Vua, kung'uta, futa mguu ukauke, bandika plasta ya kitambaa iliyokatwa kona zikawa duara ili isibanduke, vaa. Umepoteza dakika nne. Ukipuuza, utapoteza saa nzima au mbio yote.

Viatu vya mitumba vya soko la Owino, Kampala, vinafaa ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama mbao, kiatu kimekufa hata kama juu kinang'aa.

Milima mikubwa, Elgon na Rwenzori, nifanyie mazoezi huko?

Miteremko ya chini ndiyo inayokufaa. Kapchorwa, Kabale na Kisoro ziko mita 1,800 hadi 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Kampala, iliyo kwenye mita 1,200, atahisi tofauti siku ya kwanza. Ukiingia ndani ya hifadhi za taifa unahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori na kiongozi wa njia. Usijaribu kupenya kwa vichochoro. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na huko juu kuna barafu, tope la kufika magotini na ugonjwa wa mwinuko. Huo ni upandaji milima, na una maandalizi yake.

Kama unataka msitu bila mwinuko, Mabira kati ya Kampala na Jinja ina njia nzuri zenye kivuli.

Na usalama?

Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo wewe kimbia kulia ukiyatazama yanavyokuja. Alfajiri vaa kitambaa kinachong'aa na tochi ya kichwani, maana bodaboda nyingine hazina taa na ziko kasi. Barabara ya mwendokasi ya Entebbe si ya waenda kwa miguu. Akina dada wanaotuandikia kuhusu kusumbuliwa njiani, tunawaamini na tunawashauri wakimbie katika kundi. Na ninyi wanaume wa makundi hayo, rekebisheni mwendo ili asibaki mtu nyuma peke yake gizani. Hilo ni jukumu lenu.

Giza ni sehemu ya mchezo pia. Hapa kwetu mchana ni saa 12 karibu mwaka mzima, kwa hiyo anayeanza kilomita 100 saa 12 asubuhi, kama ni mtu wa kawaida, atamalizia usiku. Jaribu tochi yako mazoezini pamoja na wenzako, mahali mnapopajua, na ubebe betri za ziada.

Nimetoka kuugua malaria. Narudi lini?

Maliza dozi yote, homa iishe, ule vizuri, kisha ungoje angalau wiki moja kabla ya mbio nyepesi. Ukipanda ngazi moyo ukidunda kupita kawaida, bado. Pima damu, huenda imepungua. Mashindano yaliyo wiki mbili baada ya malaria yaache yapite. Ada uliyolipa isikuamulie.

Nimemaliza 50. Lini niende 100?

Wiki ya kwanza usikimbie kabisa. Tembea, lala, kula protini na matunda. Wiki ya pili na ya tatu, mbio fupi za raha. Baada ya mwezi, kama hamu imerudi yenyewe, anza kujenga tena. Tungependa ukimbie 50 ya pili, na kama inawezekana moja ya 60 au 80, kabla ya 100, na miezi isiyopungua sita ipite kati ya 50 ya kwanza na hiyo 100. Muda huo utumie kutafuta mtu mmoja wa kukusaidia siku ya mbio: asiyekimbia, mwenye uvumilivu, anayejua kukuambia "kula" hata ukimkasirikia. Mpe orodha ya vyakula vyako na saa unazotarajia kufika kila kituo, mwonyeshe plasta ilipo, na kila ukifika mwombe akague vidole vyako kama vimevimba.